Kumpata wa kukushikia zamu ya mgonjwa

Mama yangu alipigwa na kiharusi, upande wa kulia ukalegea na maneno yakampotea. Kila kitu anakiita "maji": mto maji, redio maji, choo maji. Miezi minane niliamini hakuna wa kumwelewa ila mimi, mpaka nikasinzia jikoni sufuria ikaungua.

Tafuta mtu ungali na nguvu. Ukishaishiwa utamkubali yeyote.

Ndugu usiwaambie "mnisaidie". Kwenye kikao chetu wote waliitikia, hakuja hata mmoja. Taja zamu: Jumamosi, saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana. Asiyeweza kuja atoe nauli ya anayekuja. Kaka yangu aliyeko Dar hutuma kwa simu kila Ijumaa, na mimi simdai zaidi.

Mgonjwa naye aulizwe. Mama hakubali kuogeshwa na mwanawe wa kiume. Nilimtajia majina, akawa anatikisa kichwa tu, hadi nilipofika kwa wifi.

Kisha fundisha ukiwepo. Siku ya kwanza wifi alitazama, ya pili alifanya nikimtazama, ya tatu nilikaa barazani nisiingie, ingawa nilisikia "maji, maji!" roho ikanipaa. Tulirudia sana kulisha: mgonjwa aketi wima, uji uwe mzito, kijiko kidogo, ameze kwanza, na asilazwe mpaka nusu saa ipite. Kabla yake nilimwachia jamaa mmoja bila kumwonyesha. Akamlisha mama amelala, uji ukampalia, tukakesha. Ageuzwe kila baada ya saa mbili, na visigino na kiuno vikaguliwe, maana vidonda vya kulalia huanza kimyakimya.

Ukutani nimebandika karatasi: dawa za presha na saa zake, kibla kilipo, namba ya dereva wa bajaji. Chini, kwa wino mwekundu: uso ukipinda upya au asipoamka, hospitali kwanza, mimi baadaye.

Anza na saa chache. Mimi nilikwenda Raskazone kuangalia bahari, simu mkononi muda wote. Mwezi wa tatu nikalala Lushoto siku mbili.

Niliporudi wifi akaniambia, "Dada, akisema maji huku anatazama dirishani, anataka pazia lifunguliwe."

Mimi hilo nilikuwa silijui.