Umelipa kwa vocha ukabadili mawazo: namna ya kughairi oda ya mtandaoni Uingereza

Nimemaliza jioni nne na dada mmoja tunayefanya naye kazi kwenye nyumba ya kulea wazee hapa Leicester. Alipokaribia kujifungua tulimchangia vocha ya paundi 100. Akaitumia kwenye duka la mtandaoni kununua kigari cha mtoto na mablanketi. Bei ilikuwa paundi 160, msimbo wa punguzo ukakata 16, vocha ikalipa 100, na paundi 44 zilizobaki pamoja na paundi 5 za usafirishaji zikatoka kwenye kadi yake ya benki. Kigari kilipofika kikawa kipana kuliko ngazi za nyumba yao. Akaomba kurudisha mzigo wote, akajibiwa kwenye chati, yale mazungumzo ya maandishi kwenye tovuti ya duka, kwamba oda zilizolipwa kwa vocha hazirudishwi.

Jibu hilo si sahihi. Naandika hapa tulichofanya, kwa sababu najua wengi wetu tukijibiwa hivyo baada ya zamu ya usiku tunafunga simu na kuacha pesa ziende.

Hatua ya 1: Tambua ulilipa kwa kitu gani

Watu wanaita vocha vitu viwili tofauti. Kuna vocha ya zawadi, ambayo mtu aliitolea pesa: hayo ni malipo, kama noti. Kuna msimbo wa punguzo, ambao haukununuliwa na mtu yeyote, unashusha bei tu. Ukighairi, unadai ulicholipa. Kwa dada yetu deni la duka lilikuwa paundi 149, yaani 100 za vocha na 49 za kadi. Zile 16 za punguzo hazimo, na kama msimbo utafufuliwa ni hiari ya duka.

Hatua ya 2: Hesabu siku

Kanuni za Mikataba ya Walaji za mwaka 2013, zilizoanza kutumika Juni 2014, zinakupa siku 14 za kughairi ununuzi wa mtandaoni bila kutoa sababu. Siku ya kwanza ni ile inayofuata siku uliyopokea mzigo. Oda ikija kwa mafungu, hesabu kuanzia fungu la mwisho. Hata kabla mzigo haujafika unaweza kughairi. Duka lisipokuarifu kwamba una haki hii, muda wako unarefuka, mpaka mwaka mzima kupita zile siku 14.

Vipo visivyorudi: chakula kinachoharibika haraka, kitu kilichotengenezwa kwa vipimo vyako, vitu vya usafi wa mwili ukishavunja lakiri yake, tiketi na hoteli za tarehe maalumu. Na muuzaji lazima awe mfanyabiashara. Ukinunua kigari kwa mama mwenzako anayeuza cha mwanawe, haki hii haipo.

Kitu kikiwa kibovu, usiende kwa njia hii. Hapo inasimama Sheria ya Haki za Walaji ya 2015, inayokupa siku 30 za kukikataa na kudai pesa zote, na gharama ya kukirudisha ni ya duka.

Hatua ya 3: Ghairi kwa barua pepe

Usipige simu. Usitumie chati. Nasema hivi kwa msisitizo, kwa sababu sheria inakubali njia yoyote ilimradi maneno yako yawe wazi, lakini mzigo wa kuthibitisha kwamba ulighairi ni wako wewe, si wa duka. Ile chati ya dada yetu ilifutika alipofunga ukurasa. Barua pepe inabaki na tarehe yake na saa yake.

Andika kwa Kiingereza sentensi tatu tu: kwamba unaghairi mkataba wa oda namba fulani, kwamba uliipokea tarehe fulani, kwamba unataka kila sehemu ya malipo irudi ilikotoka, kiasi hiki kwenye vocha na kiasi hiki kwenye kadi. Usieleze habari za ngazi wala mtoto. Ukitoa sababu, mhudumu ataanza kujadiliana nawe kuhusu sababu. Cha muhimu ni kuituma kabla siku 14 hazijaisha. Wakiisoma siku ya 16 hilo ni lao.

Hatua ya 4: Rudisha mzigo

Una siku 14 nyingine tangu ulipowaarifu. Peleka posta, kaunta, na uombe risiti ya kutuma. Ipige picha uwatumie siku hiyohiyo. Duka lina siku 14 za kukulipa tangu lilipopokea mzigo, au tangu ulipowapa ushahidi kwamba umeutuma, lolote litakalotangulia. Picha hiyo ndiyo inayoanza kuhesabu siku zao.

Gharama ya kurudisha ni yako kama walikuarifu hivyo kabla. Na kama umekitumia kitu kupita kiasi cha kukikagua tu, wanaweza kukata thamani iliyopungua.

Hatua ya 5: Pesa zirudi zilikotoka

Hapa ndipo jioni tatu kati ya zile nne zilipoishia.

Kanuni inasema malipo yarudishwe kwa njia ileile uliyolipia, isipokuwa wewe mwenyewe ukubali waziwazi njia nyingine. Asili yake ni Agizo la Umoja wa Ulaya la 2011 kuhusu haki za walaji, ambalo utangulizi wake unaeleza kwamba muuzaji asirudishe malipo kwa vocha ila pale mnunuzi alipolipa kwa vocha au alipokubali bayana. Kwa hiyo ndugu walioko Ujerumani au Uholanzi, msingi wenu ni huohuo.

Maana yake ina pande mbili, na lazima uzikubali zote. Sehemu ya vocha itarudi kama vocha. Usipoteze nguvu kudai paundi 100 taslimu, hutashinda. Lakini sehemu ya kadi lazima irudi kwenye kadi. Duka halina haki ya kukusanya 149 zote likazifanya salio la dukani.

Jihadhari na kitufe. Kwenye ukurasa wa kurudisha bidhaa, dada yetu aliletewa chaguo la kupokea kila kitu kama salio la duka "papo hapo", na paundi 5 za nyongeza. Kitufe hicho kilikuwa kikubwa na chenye rangi; kile cha njia ya awali kilikuwa maandishi madogo chini yake. Ukibonyeza kile kikubwa, umekubali waziwazi, na kanuni haikulindi tena. Mimi singebonyeza hata kwa paundi 20. Duka likifilisika, mwenye salio au vocha anapanga foleni na wadai wasio na dhamana, na mara nyingi huambulia kidogo sana au asipate kitu. Pesa iliyo benki ni yako.

Sasa tatizo lenyewe. Baada ya siku 9 duka likaandika kwamba limemaliza: paundi 100 zimerudi kwenye vocha, 44 kwenye kadi. Dada akanipigia: "Kaka, ile kadi ya vocha niliitupa. Ilikuwa imeisha pesa, nikaiweka kwenye taka."

Kwa hiyo pesa zilikuwa zimekaa kwenye namba ambayo hakuna aliyekuwa nayo. Huduma kwa wateja walitaka namba kamili ya kadi na ile namba ya siri unayokwangua nyuma, ndipo waone salio. Tulizunguka hapo mpaka tukakumbuka mambo mawili. Barua pepe ya kuthibitisha oda ilikuwa na tarakimu nne za mwisho za vocha. Na mwenzetu aliyekusanya mchango bado alikuwa na risiti ya dukani ya siku alipoinunua. Tulituma vyote viwili kwa pamoja na kuwaomba wazuie namba ya zamani na kutoa vocha mpya ya kielektroniki kwa barua pepe. Siku iliyofuata wakatoa.

Hivyo basi, usitupe kadi ya vocha hata ikisoma sifuri. Kabla hujaitumia, piga picha mbele na nyuma. Anayekupa zawadi mwombe akutunzie risiti. Hakuna aibu katika hilo. Vocha ya kielektroniki ina unafuu, kwa sababu namba inabaki kwenye barua pepe, na mimi siku hizi nanunua hizo tu.

Angalia pia tarehe ya mwisho ya vocha. Sheria ya Uingereza haijaweka muda wa chini wa vocha kuishi, tofauti na jirani yetu Ireland ambako sheria ya 2019 imeweka miaka 5. Ikiwa yako itaisha wakati mzigo uko njiani, waandikie kabla hujautuma, uwaombe wathibitishe kwamba watatoa mpya yenye tarehe mpya. Na kama vocha ni ya kampuni inayohudumia maduka mengi, uliza pia salio litarudi kwa kampuni hiyo au litabaki dukani, maana unaweza kuwa unasubiri barua kutoka kwa mtu asiye sahihi.

Mwishoni tuligundua paundi 5 za usafirishaji hazikurudi. Ukighairi oda nzima, duka linatakiwa kurudisha gharama ya usafirishaji wa kawaida. Ukichagua usafirishaji wa haraka, ile ziada juu ya bei ya kawaida ndiyo usiyoidai. Barua pepe moja, zikaingia.

Hatua ya 6: Wakikataa

Waandikie barua ya mwisho kabla ya madai, uwape siku 14, utaje kiasi na Kanuni za 2013. Sehemu uliyolipa kwa kadi unaweza kuiomba benki irudishe muamala. Ushauri wa bure upo Citizens Advice, shirika la hisani la ushauri, ambao pia hupeleka taarifa Trading Standards, idara ya halmashauri inayosimamia biashara. Na tangu Aprili 2025 mamlaka ya ushindani, CMA, inaweza kuyatoza faini maduka yanayovunja sheria za walaji bila kwenda mahakamani kwanza. Wewe binafsi, ukiwa England au Wales, unafungua dai dogo la mahakama mtandaoni. Ada ya dai lisilozidi paundi 300 ni paundi 35, na ukishinda kwa kawaida unarudishiwa.

Sisi hatukufika huko. Yule dada alitumia vocha mpya wiki hiyohiyo akanunua kigari chembamba, na kadi zote za zawadi alizonazo sasa ziko kwenye bahasha moja ndani ya kabati la vyombo.