Kupima makovu ya ini kwa kalkuleta ya simu

Mgonjwa wa homa ya ini B akiketi mbele yangu, simkimbizi mjini kutafuta FibroScan, mashine inayopima ugumu wa ini. Naomba AST (kimeng'enya kinachovuja damuni ini likiumia) na chembe sahani (chembe za kugandisha damu), vipimo ambavyo hata mvuvi aliyerudi na ndoo tupu anavimudu, kisha natoa simu mfukoni.

Hesabu inaitwa APRI. Gawa AST kwa kiwango cha juu cha kawaida cha maabara ileile iliyopima, zidisha kwa 100, gawa kwa chembe sahani zikihesabiwa kwa maelfu: 120, si 120,000. Hapo ndipo wengi huteleza. Jibu linatoka dogo mno na mgonjwa anaondoka akichekelea.

Juzi alikuja baba wa miaka 46. AST 84, kikomo cha maabara 40, chembe sahani 120. Nikapata 1.75. Mwongozo wa WHO wa 2024 unasema kwa mtu mzima mwenye homa ya ini B, zaidi ya 0.5 makovu yapo ya kutibiwa. Zaidi ya 1, fikiria sirosisi, yaani ini lililojaa makovu na kukakamaa.

ALT yake, kimeng'enya kingine cha ini, ilikuwa 64, basi nikaongeza hesabu ya pili, FIB-4: umri mara AST, gawa kwa chembe sahani mara kipeuo cha pili cha ALT. Ikatoka 4.03, na zaidi ya 3.25 ni makovu mazito. Kwa kijana chini ya miaka 35 siiamini sana, maana umri wenyewe unaishusha.

Ila kabla ya kuandika lolote, uliza kwa nini chembe sahani zimeshuka. Niliwahi kumtisha kijana wa watu kwa APRI kubwa, kumbe ana malaria. Wiki tatu baadaye hesabu ilikuwa safi. Na huku kwetu kando ya Ziwa Victoria kuna kichocho cha tumbo: wengu huvimba na kumeza chembe sahani. Hapo utrasaundi ndiyo inayosema kweli, kwa kuonyesha makovu yaliyozunguka mishipa ya ndani ya ini.

Ukibahatika kupata FibroScan, mgonjwa asile kwa saa tatu, na chukua vipimo 10 ambavyo mashine imevikubali. Ugumu wa zaidi ya kPa (kilopaskali) 7 ni makovu, zaidi ya 12.5 ni sirosisi. ALT ikiwa imepaa sana, subiri. Ini lililovimba nalo hukakamaa.

Yule baba hakuwa na malaria wala kichocho. Nimemwanzishia tenofovia, dawa ya kuzuia virusi vya homa ya ini B; utrasaundi ya kutafuta uvimbe wa saratani ni Jumatatu.