Nyumba inukie kwa matone machache: ninavyofanya hapa Kirumba

Mimi nauza dagaa wa soko la Mwaloni hapa Mwanza, na mara nyingine gunia linalala ndani likisubiri mteja wa Shinyanga. Kwa hiyo nasema ninachokijua: shombo haifunikwi na mafuta ya karafuu. Ukizichanganya, unapata harufu ya tatu mbaya kuliko zote, na kichupa chako cha bei kimeisha. Ondoa shombo kwanza. Nyumba ikiwa safi, matone matatu manne ya mafuta ya kunukia yanatosha.

Samaki anapoanza kuharibika hutoa kemikali ziitwazo amini, ndugu wa amonia. Hizo ni besi, yaani kinyume cha asidi, na dawa ya besi ni asidi, yaani ndimu au siki. Kibao ulichokatia sato, karai la kukaangia, sinki, hata viganja vyako, vyote visugue kwa kipande cha ndimu, subiri kidogo, kisha suuza. Magamba na matumbo yatoke nje usiku uleule. Chumba cha gunia mimi sitii mafuta kabisa, maana dagaa hushika harufu. Naweka kikapu cha mkaa mkavu pembeni, mkaa unanyonya harufu, na dirisha nalifungua.

Sasa mafuta yenyewe. Tafuta yale yanayotolewa kwenye mmea kwa mvuke: mchaichai, mikaratusi, karafuu. Pemba wana kiwanda Wawi kinachokamua mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, na ni makali, tone moja unalisikia. Kabla ya kulipa, omba tone moja kwenye karatasi nyeupe. Likikauka na kubakiza doa la mafuta kama la andazi, basi limechanganywa na mafuta ya kupikia au mengineyo. Halafu piga hesabu: mililita 1 ni kama matone 20, kwa hiyo kichupa cha mililita 10 kina matone 200 hivi. Ukiuziwa shilingi 10,000, kila tone ni shilingi 50. Ukijua hivyo hutamwaga ovyo.

Njia ninayoipenda kuliko zote haina gharama nyingine, kwa sababu kazi inafanywa na upepo wa ziwa. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, upepo unatoka ziwani kuja kwetu. Usiku unageuka, unashuka kutoka milimani kuelekea majini. Basi finyanga pamba donge dogo, liwe kama ncha ya kidole gumba, likalishe kwenye kizibo cha soda, dondoshea matone matatu ya mchaichai. Kuanzia saa tano hivi asubuhi liweke dirisha linaloelekea ziwani, ndani ya wavu wa mbu. Fungua na dirisha la upande wa pili, hewa ipite. Jua likizama, hamishia kizibo upande wa mlimani. Ukiliweka upande usiotoka upepo, harufu yote inaenda kwa jirani.

Ya kupulizia: chukua chupa ya mililita 100, tia vijiko viwili vya chakula vya spiriti ya duka la dawa, matone 15 ya mafuta, tikisa, ndipo ujaze maji. Mafuta na maji havipatani, spiriti ndiyo inayosaidia, na bado utikise kila unapotumia. Pulizia mapazia na makochi, ila jaribu kwanza pembeni pasipoonekana. Usipulizie karibu na jiko, spiriti inashika moto. Wakati wa masika, magodoro yakianza kunuka unyevu, yatoe juani kwanza. Kupulizia godoro bichi ni hasara.

Ukishaivisha ugali na makaa bado yapo, bandika sufuria ya maji yenye majani ya mchaichai, maganda ya chungwa na karafuu chache. Jiko likae nje, moshi wa mkaa ndani unaua. Maji yakichemka, epua, ingiza sufuria sebuleni, na hapo ndipo udondoshe tone la mafuta kama unataka. Ukilitia sufuria ikiwa bado motoni linapaa lote kabla hujafaidi.

Vichupa viwe vya kioo cheusi au kahawia, mbali na joto la bati na mbali kabisa na watoto. Kumeza mafuta ya mikaratusi, hata kidogo, ni hatari kwa mtoto, na usimpake puani. Ukifuga paka, usimfungie chumba chenye harufu hizi, zinamdhuru.

Chooni natumia kopo la kioo lenye chumvi ya mawe na matone matano ya karafuu. Ikianza kufifia usimwage chumvi: ikoroge kwa kijiti, ongeza matone mawili, rudisha mahali pake.