Somo: Kutenganisha taka nyumbani hadi familia nzima izoee

Karibu kila wiki naulizwa jinsi tunavyotenganisha taka nyumbani kwetu, nami nimechoka kurudia majibu yaleyale. Nimeyaandika yote hapa ili anayetaka kuanza asome mwenyewe. Tuko watu sita katika nyumba ya kupanga Dar es Salaam, na uwa wetu ni wa saruji tupu. Zamani tulijaza viroba vitatu vya taka kwa wiki, na gari lilipochelewa kunguru walivitoboa na kutawanya uchafu hadi mlangoni kwa jirani. Sasa tunatoa kiroba kimoja, nacho hakijai.

Sehemu kubwa ya taka za jikoni ni maganda na mabaki ya chakula, ambayo yakifikishwa dampo la Pugu Kinyamwezi hulaliwa na taka nyingine, yakaoza bila hewa na kutoa methani, gesi inayolipasha anga joto kupita kaboni dioksaidi. Chupa ambazo hazifiki dampo huziba mitaro, na wanaoishi bondeni Msimbazi wanajua mitaro iliyoziba hufanya nini masika yakianza.

Hatua ya 1. Tafuta ndoo ya mabaki ya jikoni, kiroba cha chupa na makopo, na boksi la kuwekea karatasi.

Hatua ya 2. Weka kila chombo pale ambapo watu wamekwisha kuzoea kutupa. Ndoo yetu iko chini ya meza ya kukatia mboga. Ilipokuwa uani, hakuna aliyeifuata.

Hatua ya 3. Suuza chupa kwa maji yaliyokwisha kuoshea vyombo, zikaushe, kisha zikandamize. Mnunuzi wetu wa chakavu hupima kwa kilo, na akikuta chupa yenye mafuta ndani huukataa mzigo mzima.

Hatua ya 4. Tengeneza mboji, yaani mbolea ya maganda na mabaki yaliyooza. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo someni polepole. Nilijaza ndoo ya lita 20 maganda ya papai, ukoko wa wali na mchuzi uliobaki, nikakaza kifuniko nikidhani kwamba nimeizuia harufu. Nilipoifungua siku ya tisa nilikuta ute mweusi, funza wamepanda hadi ukingoni, na uvundo ukaingia moja kwa moja chumbani kwa jirani aliyekuwa na mtoto mchanga. Mama mkwe aliagiza ndoo itupwe siku ileile, na miezi mitatu ikapita kabla sijathubutu kulitaja jambo hilo tena. Kosa langu lilikuwa kuweka vitu vibichi na majimaji mahali pasipo hewa. Toboa matundu chini na ubavuni mwa ndoo, uiinue juu ya matofali mawili, na kila unapotia kopo moja la maganda yaliyokatwakatwa, funika kwa makopo mawili ya vitu vikavu: majani makavu, maranda kutoka kwa seremala, au maboksi yaliyochanwa vipande vidogo. Finya konzi moja ya mchanganyiko. Likitoka tone moja au mawili, unyevu unatosha, lakini ukichuruzika ongeza vikavu mara moja. Geuza kila baada ya siku tatu. Usitie nyama, samaki, mafuta, kinyesi cha mbwa au paka, wala maranda ya mbao zilizotiwa dawa.

Hatua ya 5. Mpe kila mtu kazi moja, isibadilike. Binti yangu wa miaka saba hukandamiza chupa, kaka yake hupima na kuandika kilo daftarini, na fedha ikipatikana wao wawili ndio wanaoamua itumikeje. Mama mkwe, yule aliyeagiza ndoo itupwe, sasa hukata maganda ya ndizi kwa kisu chake mwenyewe na haruhusu mtu ayatupe mazima.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Tabata: Vichwa vya dagaa naweza kutia kwenye ndoo?

Jibu: Dagaa ni samaki. Soma hatua ya 4.

Mdau wa Ukonga: Dada, haya ni mambo ya wenye nafasi. Mimi nailoni zote nawashia mkaa, zinaisha.

Jibu: Sina nafasi kuliko wewe, kaka, natoka kazini saa kumi na mbili jioni kama wengine. Ila hilo la nailoni nakuomba uliache leo. Moshi wa plastiki una sumu, na ile yenye klorini, kama mabaki ya mabomba ya PVC, hutoa dioksini, sumu kali. Anayeuvuta kwanza ni aliyeinamia jiko, mara nyingi akiwa na mtoto mgongoni. Washia vifuu au magunzi ya mahindi.

Mdau wa Morogoro: Samahani, mbona majani chini ya mwembe huoza bila kunuka, ilhali ndoo inanuka?

Jibu: Ahsante sana kwa swali hili, maana ukilielewa huhitaji kukariri hatua zangu. Vinavyoozesha ni vijidudu visivyoonekana kwa macho, na viko vya aina mbili. Wanaohitaji hewa hufanya kazi haraka, hutoa joto na hawaachi uvundo. Chini ya mwembe hewa inapita kati ya majani, kwa hiyo hao ndio wanaotawala. Maji yakijaza nafasi zote hewa hukatika, na wale wasioihitaji hushika kazi na kutoa gesi zinazonuka kama yai viza. Vikavu, basi, kazi yake ni kushikilia njia za hewa na pia kuwapa vijidudu kaboni, kwani maganda mabichi yana naitrojeni nyingi, na vijidudu huhitaji vyote viwili. Ukigeuza ndoo asubuhi, ingiza mkono katikati. Ukikuta vuguvugu, mambo yanakwenda vizuri.

Mdau wa Tanga: Ongezeni hili: makopo yafunikwe au yainamishwe, yasishike maji ya mvua.

Jibu: Umenikumbusha jambo kubwa. Mbu anayeeneza dengi hutaga katika maji kidogo kama hayo, na mwaka 2019 ugonjwa huo ulitusumbua sana hapa Dar es Salaam. Sisi huyatoboa makopo kwa msumari.

Mdau wa Mombasa: Nitajuaje kuwa mboji imeiva?

Jibu: Inukie udongo baada ya mvua, na ganda lisitambulike tena, kwetu huchukua takriban miezi mitatu. Ukiwa na shaka, panda mbegu kumi za mchicha katika kopo la mboji iliyochanganywa na udongo, na kumi nyingine katika udongo mtupu. Zikichipuka mbili tu kwenye mboji na tisa kule kwingine, irudishe kwenye ndoo wiki tatu zaidi.