Kusimamia na Kutolea Taarifa Miradi ya Usalama Barabarani Inayogharamiwa na Serikali

Taarifa nyingi za miradi ya usalama barabarani hueleza kwa ukamilifu fedha zilizotumika, kilomita zilizochorwa alama na idadi ya vivuko vilivyojengwa, lakini hazisemi kama watu wanaoumia na kufa katika barabara ile wamepungua. Mara nyingi upungufu huo hautokani na uzembe wa mwandishi wa taarifa, bali ni kwamba takwimu ambazo zingejibu swali hilo hazikukusanywa kabla mkandarasi hajaingia kazini, na fursa hiyo ikishapita hairudi. Kwa hiyo meneja wa mradi wa aina hii anapaswa kuanza kuiandaa taarifa ya mwisho wakati uleule anapoandaa andiko la kuombea fedha.

Kwanza thibitisha kwamba mahali panapokwenda kutengenezwa ndipo penye hatari. Maombi ya kuwekewa matuta au taa hutoka pande nyingi, na eneo linalolalamikiwa zaidi si lazima liwe ndilo linaloua zaidi. Kusanya kumbukumbu za polisi za miaka mitatu hadi mitano, zioneshe kwenye ramani, kisha uzipange kwa aina ya ajali: mtu aliyegongwa akivuka, magari yaliyogongana uso kwa uso, gari lililoacha njia, pikipiki iliyogongwa kwa nyuma. Aina ya ajali ndiyo inayoelekeza tiba, kwa kuwa taa za barabarani hazitamsaidia anayegongwa saa sita mchana. Linganisha kumbukumbu hizo na za hospitali, kwa sababu majeruhi wengi hufikishwa kwenye matibabu bila polisi kuarifiwa, na kwa sababu mtu anayefariki wodini siku kadhaa baada ya ajali huweza kubaki katika daftari la polisi kama majeruhi tu. Kipimo kinachotumika kimataifa huhesabu kuwa ni kifo cha barabarani kifo chochote kilichosababishwa na ajali na kutokea ndani ya siku 30. Taarifa iseme wazi kama imetumia kipimo hicho au kingine. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa barabarani, na zaidi ya nusu yao walikuwa waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na watumiaji wa pikipiki. Daftari linalowasahau watu hao hupeleka fedha za umma mahali pasipostahili.

Eneo likishachaguliwa, lipime kabla halijaguswa. Vifo na majeraha makubwa ni matukio machache katika makutano mamoja au kipande kifupi cha barabara, na kwa sababu hiyo huchukua miaka kuonesha mabadiliko yanayoaminika. Mwendo wa magari hutoa jibu mapema zaidi, nao una uhusiano wa moja kwa moja na vifo: kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, kila wastani wa mwendo unapoongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali yenye kifo huongezeka kwa takriban asilimia 4. Pima mwendo wa angalau magari 100 yasiyozuiwa na foleni, mchana na usiku, uandike wastani pamoja na mwendo ambao asilimia 85 ya madereva hawauzidi. Hesabu magari na wanaovuka kwa miguu, chunguza ni madereva wangapi wanaosimama kuwapisha, na upige picha ukiwa mahali ambapo mtu mwingine ataweza kusimama tena baadaye. Andika tarehe, saa, hali ya hewa na kifaa kilichotumika, kwa kuwa kipimo cha siku ya shule hakiwezi kulinganishwa na cha siku ya mapumziko.

Vipimo hivyo ndivyo vinavyokuwezesha kuandika lengo linalopimika. Maneno kama “kuboresha usalama wa watumiaji wa barabara” hayamfungi mtu yeyote. Lengo linalofaa husema, kwa mfano, kwamba wastani wa mwendo mbele ya shule utashuka kutoka kilomita 52 hadi kilomita 30 kwa saa ndani ya miezi sita baada ya kazi kukamilika, na kwamba vifo na majeraha makubwa vitapungua kwa nusu katika miaka mitatu inayofuata. Kupunguza kwa nusu ndilo pia lengo ambalo mataifa yalikubaliana katika Muongo wa Utekelezaji wa Usalama Barabarani wa Umoja wa Mataifa wa 2021 hadi 2030.

Katika upande wa fedha, kanuni za kawaida za matumizi ya umma zinatosha, mradi zifuatwe: kifungu cha bajeti kisichochanganywa na kazi nyingine, zabuni ya wazi, na malipo yanayotolewa baada ya kazi kupimwa na mhandisi msimamizi. Jambo linalohitaji uangalizi wa pekee ni mabadiliko ya mkataba. Alama za barabarani, mistari inayochorwa juu ya barabara, vivuko na vizuizi vya pembeni hufanywa mwishoni, na fedha zinapopungua vitu hivyo ndivyo vinavyokatwa kwanza, hata pale ambapo mradi wenyewe uliombewa fedha kwa jina la usalama. Matokeo yake huwa barabara pana na laini inayoruhusu mwendo mkubwa kuliko ule wa awali, bila kinga yoyote iliyoahidiwa. Inafaa basi kuweka kipengele katika mkataba kinachozuia kupunguzwa kwa kazi za usalama bila idhini ya maandishi ya mamlaka iliyotoa fedha, na kila badiliko liingizwe kwenye taarifa pamoja na sababu yake na athari yake kwa lengo.

Ukaguzi wa usalama ufanywe na watu ambao hawakushiriki katika usanifu. Wakague michoro ya usanifu, kisha waikague barabara yenyewe kabla haijafunguliwa, mchana na usiku, wakiitembea kwa miguu na si kwa gari pekee. Meneja anaweza kukataa pendekezo la wakaguzi, lakini ni lazima akatae kwa maandishi na kutoa sababu. Ukaguzi usiojibiwa hauna faida kwa msafiri.

Wakati wa ujenzi, eneo la kazi lenyewe ni hatari mpya. Mkandarasi awe na mpango wa kuongoza magari uliopitishwa, njia salama ya muda kwa waenda kwa miguu, na alama zinazoonekana usiku. Kila ajali inayotokea ndani ya eneo la kazi iandikwe na kuripotiwa, kwa kuwa watu wanaoumizwa na ujenzi wa usalama ni sehemu ya gharama yake.

Taarifa za kila robo mwaka zioneshe mambo mawili kwa pamoja: asilimia ya kazi iliyokamilika na asilimia ya fedha iliyolipwa. Ikiwa asilimia 70 ya fedha imelipwa huku kazi ikiwa imefikia asilimia 45, maelezo yatolewe katika ukurasa uleule, yasifichwe kwenye kiambatisho.

Taarifa ya matokeo ndiyo ngumu zaidi. Meneja wengi husema ajali zimepungua kwa sababu mwaka uliofuata ulikuwa na ajali chache kuliko mwaka uliotangulia. Hoja hiyo ni dhaifu. Makutano ambayo kwa kawaida hupata ajali tano kwa mwaka yanaweza kupata ajali 12 katika mwaka mmoja kwa bahati mbaya tu. Yakichaguliwa kwa sababu ya mwaka huo, idadi itashuka mwaka unaofuata hata kama hakuna kilichojengwa. Tahadhari ya kwanza ni kutumia miaka mitatu kabla na mitatu baada, bila kuhesabu kipindi cha ujenzi. Ya pili ni kulinganisha na barabara zinazofanana ambazo hazikutengenezwa. Mahali penye mtakwimu, mbinu ya Bayes, yaani hesabu ya kitakwimu inayochanganya ajali za eneo lenyewe na wastani wa maeneo yanayofanana nalo, husahihisha kasoro hiyo vizuri zaidi.

Zingatia pia wingi wa magari. Tuseme barabara ya kilomita 10 ilipitisha magari 8,000 kwa siku na kupata ajali 44 katika miaka mitatu. Zidisha magari kwa siku 365, kwa miaka 3, kwa kilomita 10, utapata kilomita milioni 87.6 za safari, yaani takriban ajali 50 kwa kila kilomita milioni 100. Ikiwa baadaye magari yamefika 10,000 na ajali zimebaki 44, kiwango kimeshuka hadi takriban 40. Toa takwimu zote mbili, kiwango na idadi kamili, kwa sababu kiwango kinaweza kupendeza huku familia zilezile zikiendelea kuzika, na mradi haupaswi kuhesabiwa kuwa umefanikiwa kwa sababu tu magari yameongezeka.

Pale lengo lisipofikiwa, sema hivyo waziwazi katika muhtasari. Eleza kama kazi ilijengwa tofauti na michoro ya usanifu, kama madereva walizoea badiliko na kurudia mwendo wa zamani, au kama tiba iliyochaguliwa haikulingana na aina ya ajali. Maelezo hayo humsaidia mtu anayepanga mradi unaofuata kuliko orodha ndefu ya kazi zilizokamilika.

Kwa kuwa tathmini ya miaka mitatu hufanyika baada ya meneja kuhamishwa na ofisi ya mkandarasi kufungwa, takwimu ghafi, picha, fomu za vipimo na ramani za ajali zikabidhiwe rasmi kwa kitengo kitakachofanya tathmini hiyo, pamoja na bajeti ndogo iliyotengwa tangu mwanzo kwa ajili ya vipimo vya marudio. Mamlaka inayotunza barabara nayo ipewe orodha ya kila kitu kilichowekwa, ikionesha ni lini mistari ya barabarani itahitaji kupakwa upya na nani atalipia.