Geuza Jani Kabla ya Kubeba Bomba: Wadudu Walinzi katika Bustani ya Mboga

Mkulima wa sukuma wiki au kabichi anapowakuta vidukari, wale wadudu wadogo wa kijivu wenye unga ambao katika sehemu nyingi za Tanzania huitwa wadudu mafuta, wamejazana chini ya jani, wazo la kwanza linalomjia ni kulibeba bomba la kupulizia dawa. Ushauri wa makala haya ni kwamba kabla ya kulibeba aligeuze jani lile na kulitazama kwa utulivu kwa dakika mbili au tatu, kwa sababu katika kundi lile la wadudu waharibifu mara nyingi wapo wengine ambao wameshaanza kazi ambayo yeye anataka kuilipia.

Ili aone, sharti ajue anachokitafuta. Mbawakawa mdogo wa mviringo, mwekundu au wa rangi ya machungwa na mwenye madoa meusi, wakulima wengi wanamfahamu na hawamgusi. Mtoto wake ndiye anayeuawa bure. Buu la mbawakawa huyu ni jeusi au la kijivu, lina miguu sita na vialama vya njano au vya machungwa mgongoni, na umbo lake ni kama la mamba mdogo. Kwa kuwa linatisha kidogo na halifanani hata kidogo na mzazi wake, watu hulibonyeza wakidhani ni kiwavi anayekula mboga. Buu hilo na mzazi wake wanaweza kula makumi ya vidukari kila siku. Kuna pia buu la nzi wa maua, lisilo na miguu wala kichwa kinachoonekana, la kijani kibichi au rangi ya maziwa, linalotambaa polepole katikati ya vidukari na kuwafyonza mmoja baada ya mwingine. Mzazi wa buu hili ana mistari ya njano na nyeusi kama nyuki, lakini hana mwiba, ana mabawa mawili tu badala ya manne, na huweza kusimama hewani mbele ya ua bila kusogea.

Alama nyingine ni kidukari aliyevimba, akawa na rangi ya kahawia au ya dhahabu, akakauka palepale alipokuwa. Huyo ametagiwa yai na nyigu mdogo sana, mfupi kuliko punje ya mchele, na ndani yake mtoto wa nyigu amekula akashiba. Ukiona kidukari mkavu wa namna hiyo mwenye tundu la duara mgongoni, ujue nyigu ameshatoka na yuko shambani anatafuta vidukari wengine. Nyigu hawa hawana uwezo wa kumdhuru mtu, na mkulima anaweza kuishi nao miaka yote bila kutambua kwamba wapo.

Sababu ya kusisitiza subira iko katika hesabu ya uzazi. Katika hali yetu ya hewa kidukari jike hahitaji dume. Huzaa watoto walio hai badala ya kutaga mayai, na mtoto huyo huweza kuanza kuzaa baada ya wiki moja hivi. Mbawakawa mwenye madoa huhitaji wiki tatu au nne kutoka yai hadi kuwa mzima. Kwa hiyo mlinzi siku zote hufika nyuma ya mharibifu, na kuchelewa huko ni jambo la kawaida, kwa maana hawezi kuja mahali ambapo hakuna chakula. Dawa inayoua kila mdudu ikipulizwa katika kipindi hicho huwaondoa wote kwa pamoja, kisha vidukari wachache waliosalia, au wenye mabawa wanaotoka shamba la jirani, huanza kuzaana upya mahali ambapo hakuna wa kuwazuia. Mkulima hurudi na bomba baada ya siku kumi, akiamini kwamba dawa aliyouziwa ilikuwa dhaifu. Katika nyanya jambo hilohilo huonekana kwa utitiri mwekundu, ambao mara nyingi hulipuka baada ya kupulizwa kwa mfululizo viuadudu vya jamii ya pairethroidi, kwa sababu dawa hizo huwamaliza maadui wa utitiri bila kuumaliza utitiri wenyewe.

Mfano wa kabichi

Hakuna zao la mboga linalofundisha jambo hili vizuri kuliko kabichi. Adui wake mkubwa ni nondo mgongo wa almasi, mdudu mdogo wa kijivu mwenye vialama vyeupe mgongoni anapofunga mabawa, ambaye viwavi wake wa kijani hutoboa majani yakabaki kama chujio. Nondo huyu ni maarufu duniani kwa kuzoea dawa. Alijenga usugu dhidi ya DDT mapema, katika miaka ya 1950 kule Java, na ndiye mdudu wa kwanza aliyethibitika kujenga usugu shambani hata dhidi ya Bt, dawa inayotokana na bakteria. Wakulima wa nyanda za juu za Afrika Mashariki walifikia hatua ya kupuliza kila wiki, wengine wakichanganya dawa mbili au tatu katika bomba moja, na viwavi wakaendelea kula.

Kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, icipe, chenye makao yake jijini Nairobi, kilichukua njia tofauti. Kilimleta kutoka Taiwan nyigu mdogo aitwaye Diadegma semiclausum, ambaye hutaga yai ndani ya kiwavi wa nondo huyo, na mwaka 2002 nyigu akaanza kuachiliwa, Werugha katika vilima vya Taita ikiwa miongoni mwa maeneo ya kwanza. Kwa kuwa nyigu huyo hupenda baridi ya milimani, kwa maeneo yenye joto zaidi aliletwa mwenzake, Cotesia vestalis, kutoka Afrika Kusini. Katika nyanda za juu Diadegma alistawi na kuenea mwenyewe kutoka shamba hadi shamba. Mkulima wa maeneo hayo, kwa hiyo, hana haja ya kununua nyigu wala kuwasubiri waletwe. Ana haja ya kutowaua na kuwapa chakula.

Anaweza hata kuwahakikisha kwa macho yake. Kiwavi wa nondo huyu anapomaliza kula hujifunga katika kifuko cha nyuzi nyepesi kama chandarua, na bundo lake, yaani umbo la mdudu anapogeuka kutoka kiwavi kuwa nondo mzima, la kijani au la kahawia, huonekana wazi ndani yake. Ikiwa ndani ya chandarua kile kuna kitu kingine, mfano wa pipa dogo lenye ncha za mviringo, lisilopenyeza macho, hilo ni bundo la nyigu. Chuma mabundo ishirini kutoka sehemu mbalimbali za shamba, yatie katika chupa ya plastiki inayopitisha mwanga, funika mdomo wa chupa kwa kitambaa chepesi, iweke kivulini, kisha uhesabu baada ya wiki mbili ni nondo wangapi na nyigu wangapi waliotoka. Jaribio hilo halina gharama, na kwa maoni yangu humgeuza mkulima kuliko semina ya siku nzima. Ukimaliza kuhesabu, waue nondo na uwafungue nyigu.

Maua yenye kina kifupi

Nyigu mzima hali kiwavi. Yeye, kama nzi wa maua, huishi kwa utamu na chavua ya maua, na asipoupata hufa baada ya siku chache kabla hajamaliza kutaga. Bustani iliyopaliliwa ikawa safi kama uwanja, isiyo na ua hata moja, ni nyumba ya njaa kwa walinzi hawa. Wengi wao wana midomo mifupi, hivyo maua makubwa yenye shimo refu hayawafai. Yanayowafaa ni yale madogo yaliyo wazi: giligilani, ambayo Wakenya huiita dania, shamari, karoti iliyoachwa itoe maua, mrehani, kivumbasha. Kunde na alizeti zina faida ya ziada kwa sababu hutoa utamu hata nje ya ua, kwenye vikonyo na majani, hivyo huwalisha walinzi kabla maua hayajachanua.

Kosa linalorudiwa ni kupanda maua haya siku ya kuhamisha miche. Giligilani huhitaji takriban siku 45 hadi 60 ili ichanue, na kabichi nyingi huvunwa miezi mitatu baada ya kuhamishwa; maua yakichelewa, nusu ya msimu imepita bila msaada. Panda giligilani siku ileile unayosia mbegu za kabichi kitaluni. Miche hukaa kitaluni wiki nne hadi sita, kwa hiyo ikishika shambani maua yatakuwa yanaanza. Sia tena kiasi kidogo kila baada ya wiki tatu ili bustani isikose ua. Mashina haya yawe kwenye kingo za matuta na katika kila tuta la tano au la sita, kwa sababu nyigu wadogo kiasi hicho hawasafiri mbali kutafuta chakula na kurudi. Anayelima giligilani ya kuuza aache shina moja katika kila matano lipevuke. Atapata na mbegu za msimu ujao.

Hata hivyo, maua hayachagui mgeni, na nondo mharibifu naye hunywa utamu. Ndiyo sababu siungi mkono shauri la kuacha sukuma wiki au kabichi zilizozeeka zitoe maua kwa ajili ya nyuki na nyigu: vidukari wa kabichi hupenda mno kujazana kwenye vikonyo vya maua hayo, na nondo huendelea kutaga humo. Zing'oe. Vivyo hivyo, karibu na nyanya usiache mnavu wala magugu mengine ya ukoo wa nyanya, kwani huhifadhi inzi weupe na yule kiwavi mtoboaji anayeitwa kanitangaze.

Mbali na chakula, walinzi wanahitaji mahali pa kujificha. Matandazo ya nyasi kavu huwahifadhi buibui na mbawakawa wa ardhini wanaowinda usiku, na nyasi za mpakani zifyekwe nusu kwa nusu ili wenyeji wake wasikose pa kuhamia. Kuku wasiingie bustanini, hawabagui.

Jambo linalosahaulika ni sisimizi. Ukiwaona wanapanda na kushuka kwenye mashina ya sukuma wiki, wanafuata utomvu mtamu unaotolewa na vidukari, na kwa ajili ya utomvu huo huwafukuza mbawakawa na nyigu kama mchungaji anavyofukuza fisi. Chimbua viota vyao vilivyo karibu na tuta, kata nyasi na vijiti vinavyowapa daraja. (Wakulima wa minazi wa pwani na Zanzibar watasema, na ni kweli, kwamba sisimizi waitwao maji moto huilinda minazi yao dhidi ya mdudu anayefyonza nazi changa. Sisimizi ni wa aina nyingi, na kila mmoja ana kazi yake.)

Ikibidi kupuliza

Kagua bustani mara mbili kwa wiki asubuhi. Tembea kwa mshazari, geuza majani ya mimea ishirini, na uandike mambo mawili: mimea mingapi ina vidukari au viwavi, na mingapi kati ya hiyo ina walinzi, yaani mabuu, mabundo ya nyigu au vidukari waliokauka. Kama walinzi wapo katika nusu ya mimea iliyoshambuliwa au zaidi, mimi hushauri kungoja siku tano hadi saba na kukagua tena. Mvua kubwa ikinyesha katikati, huenda ikawa imekusaidia, kwa maana huwaosha vidukari wengi. Miche haina nguvu ya kungoja, hivyo kitalu kifunikwe kwa chandarua tangu mwanzo.

Kungoja kukishindikana, tibu shina lililoshambuliwa na uache mengine. Kwa viwavi tumia Bt, ambayo haiwadhuru nyigu wala mbawakawa moja kwa moja; ipulize jioni, kwa kuwa jua huiharibu, na wakati viwavi wangali wadogo, kwa sababu lazima waile ndipo ifanye kazi. Dawa ya mwarobaini nayo ni pole kwa walinzi wengi. Maji ya sabuni huua vidukari yanapowagusa, lakini huua pia mabuu laini ya walinzi, kwa hiyo yapulizwe pale tu ambapo umetazama na hukuyaona. Viuadudu vinavyopenya ndani ya mmea vina hatari ya peke yake: huweza kufika kwenye utamu na chavua, ukawa unawapikia wageni uliowaalika chakula chenye sumu.

Msimu ukiisha, mabaki ya kabichi na sukuma wiki yang'olewe na kufukiwa au kutiwa kwenye mboji, lakini siku moja kabla pita ukichuma majani yenye vidukari waliokauka ambao bado hawajatobolewa. Pangusa vidukari walio hai kwa brashi laini, waangukie ndani ya maji ya sabuni, kisha yaweke majani hayo kwenye kikapu kilichoinuliwa juu ya kigingi, chini ya kivuli, kando ya tuta jipya lenye giligilani inayochanua. Nyigu watatoka ndani ya siku chache.