Tequila ya Miaka Mingi Haimezwi kwa Mkupuo

Hapa Kabalagala, Kampala, ninapouza vinywaji, tequila huja mezani na chumvi na ndimu, watu wakahesabu moja, mbili, tatu, kisha wakamaliza. Kwa tequila nyeupe ya bei nafuu sina neno. Lakini mteja akiagiza extra añejo, ndimu naiondoa kabla hajaigusa. Pombe hiyo imelala kwenye pipa la mwaloni si chini ya miaka 3, na agave yenyewe, mmea unaotengenezewa tequila, huko Jalisco, Meksiko, mara nyingi hukaa shambani miaka 6 au zaidi kabla ya kuvunwa. Kuimeza kwa mkupuo ni kuidhulumu.

Anza na lebo. Tafuta maandishi 100% agave. Yasipokuwepo, hadi asilimia 49 ya sukari iliyochachushwa yaweza kuwa ya miwa au ya kitu kingine. Herufi NOM na tarakimu 4 zinazofuata hukuonyesha kiwanda ilikotoka. Añejo ni ya mwaka 1 kwenda juu. Extra añejo ilipewa daraja lake mwaka 2006, na mapipa yake hayaruhusiwi kuzidi lita 600. Rangi usiiamini: karameli huruhusiwa kutiwa kidogo bila kutajwa kwenye lebo, na glisirini na sharubati ya sukari pia.

Kiglasi kidogo cha mkupuo kiweke kando. Chukua glasi ya mvinyo yenye tumbo, mdomo umebana kidogo, umimine kama mililita 30. Barafu hapana. Iache dakika 10 hivi.

Sasa nusa, na hapa usiwe na haraka. Ukitumbukiza pua ndani utapata ukali wa spiriti tu. Ishike glasi chini ya kidevu, mdomo wako wazi kidogo, uipandishe polepole. Vanila, karameli na mdalasini hutangulia. Hizo ni za mti wa pipa. Endelea kutafuta chini yake. Agave iliyopikwa ina utamu mzito, kama gonja, ndizi tamu ya kuchoma, linapochomwa kando ya barabara ya Ggaba, na nyuma yake pilipili manga na majani mabichi. Usipoipata hiyo, umenunua ladha ya pipa, hata kama chupa inajisifu kwa miaka 7. Mimi nitachagua ya miaka 3 yenye agave hai.

Funda la kwanza ni la kuuzoesha mdomo tu. Usiitolee hukumu bado. La pili lisambaze ulimini, meza, halafu toa pumzi puani. Ladha ikikawia na kubadilika, hiyo ni kazi nzuri. Ikibaki sukari tu midomoni, rudi ukaisome lebo upya. Ikikuchoma sana, ongeza matone mawili ya maji.

Muchomo, yaani nyama choma, wenye pilipili ule baadaye, maana pilipili huziba ulimi. Pembeni weka maji na kipande cha chokoleti nyeusi. Kakao ya Bundibugyo, magharibi mwa Uganda, inaendana nayo vizuri mno.

Chupa iliyofunguliwa isimamishe wima kabatini, mbali na jua, kizibo kikiwa kimekazwa. Ikishuka chini ya nusu, hamishia kilichobaki kwenye chupa ndogo safi, kwa sababu hewa nyingi ndani huipunguzia harufu.